Sufu ya Rangi Kwenye Kamba ya Kengele

Katika toleo lililopita tulichapa picha ya watu sita waliosimama kwa duara ndani ya mnara wa kanisa huko Uingereza, kila mmoja akishika kamba yenye kipande kinene cha rangi nyekundu, nyeupe na buluu. Picha hiyo imetuletea barua nyingi kuliko tulivyotazamia. Mhariri amenipa mimi kazi ya kuzijibu kwa sababu nilipokuwa mwanafunzi huko nilijiunga na wapiga kengele wa kanisa moja la kijijini, nikapanda ngazi za mnara wao kila Alhamisi jioni kwa muda wa miaka minne.

SWALI: Mhariri, pokea salamu kutoka Kisauni. Mimi ninaishi karibu na Kengeleni, kwa hiyo jambo lolote la kengele hunigusa. Katika ile picha nimeona kwamba kila kamba ina sehemu nene yenye mistari ya rangi, mfano wa mkia wa mnyama mwenye manyoya mengi. Je, rangi hizo zina maana ya ibada, kama zilivyo rangi za mavazi ya padri zinazobadilika kufuata majira ya Kanisa, au ni pambo tu?
Msomaji, Kisauni, Mombasa

JIBU: Ndugu yetu wa Kisauni, rangi hizo hazina maana ya ibada, lakini si pambo tu. Sehemu uliyoiona ni sufu ya kondoo. Fundi anapoisokota kamba, hupachika vishungi vya sufu katikati ya nyuzi zake, akaviacha vitokeze pande zote, kisha huvikata kwa mkasi mpaka viwe sawasawa kama uso wa zulia jipya. Urefu wake hukaribia mita moja. Waingereza huiita kwa jina linalotamkwa sali, na ingawa sikio la Mswahili husikia humo mwito wa kusali, neno hilo halina uhusiano wowote na sala. Katika majibu haya nitaiita sufu.

Ili kuielewa kazi yake ni lazima tupande kwanza hadi juu ya mnara. Kengele ya mtindo wa Kiingereza hufungwa kwenye mhimili unaozunguka juu ya beringi, na ubavuni mwa mhimili huo kuna gurudumu kubwa, ambalo kamba hupita kwenye ukingo wake kabla ya kuteremka kupitia matundu ya dari hadi chumba wanamosimama wapigaji. Kabla ya kuanza, kila mpigaji huibembeza kengele yake juu zaidi na zaidi, mpaka isimame kichwa chini, mdomo ukitazama mbinguni. Kuanzia hapo, kila mara anapovuta, kengele huanguka, huzunguka karibu duara zima, hulia mara moja, kisha husimama tena mdomo juu upande wa pili.

Sasa tazama mikono yake. Mvuto wa kwanza huanzia kwenye sufu: mpigaji huishika kwa mikono miwili usawa wa uso, akaivuta chini, kisha akaiachia, kwa kuwa gurudumu linapozunguka huikunja kamba na kuipandisha sufu kwa kasi kuelekea dari. Yeye hubaki ameshika mkia wa kamba, mikono ikiwa imenyooka juu ya kichwa. Mvuto wa pili ni wa mkia: anauvuta, kengele inarudi ilikotoka, sufu inateremka mbele ya macho yake, na inapoanza kupanda tena yeye huidaka ingali mwendoni. Hivyo ndivyo anavyoendelea, sufu na mkia, sufu na mkia, pengine kwa saa nzima.

Kamba tupu ingemchubua viganja kabla ya nusu saa kwisha. Sufu huujaza mkono, hailetei ngozi michubuko, wala haitelezi upesi kwa jasho. Hiyo ni kazi yake kwa mkono. Kwa jicho, ile mistari ya rangi iliyojizungusha huufanya mwendo wa kamba uonekane hata katika chumba chenye mwanga hafifu, na hata pale mpigaji anapoutazama kwa pembe ya jicho tu. Nyekundu, nyeupe na buluu ni rangi zilizozoeleka, lakini hakuna sheria inayozilazimisha. Kanisa nililojifunzia mimi lilikuwa na kijani na manjano, na wazee wa pale walizipenda rangi zao kama watu wanavyoipenda jezi ya timu yao.

SWALI: Mimi ni mzee wa usharika, na kwa miaka ishirini na mitatu nimeipiga kengele yetu mwenyewe kila Jumapili. Kengele yetu ni moja, ninaivuta mpaka watu wa bondeni wasikie, basi. Mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu jinsi hao Waingereza wanavyopiga zao. Nilisikiliza kwa makini lakini sikusikia wimbo wowote, wala tenzi wala zaburi. Kama wana kengele sita na watu sita, kwa nini wasipige wimbo unaotambulika?
Mzee wa usharika, Machame

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Wewe uliyeivuta kengele kwa miaka ishirini na mitatu utanielewa haraka kuliko wengine, kwa sababu jibu limo katika uzito.

Kengele ndogo katika mnara wa kawaida huwa na kilo mia mbili au tatu, na ile kubwa mara nyingi hufikia tani moja au kupita. Katika Kanisa Kuu la Anglikana la Liverpool, ile kubwa kuliko zote zinazozungushwa kwa kamba ina zaidi ya tani 4. Mzigo wa namna hiyo ukishaanza kuanguka hausikii tena amri. Nafasi pekee ya kuutawala ni pale juu kabisa, kengele inapokaribia kusimama: mpigaji anaweza kuichelewesha hapo kwa kitambo kifupi sana, au kuigeuza mapema kidogo kabla haijafika kileleni. Haiwezekani kuirudia sauti moja mara tatu mfululizo kama wimbo unavyotaka, wala kuinyamazisha kengele kwa mapigo manne halafu kuiita tena. Kila kengele lazima ilie mara moja, kisha zote nyingine zilie, ndipo zamu yake irudi. Na kutoka mpangilio mmoja hadi unaofuata inaweza kusogea nafasi moja tu, mbele au nyuma, au kubaki pale ilipo.

Kizuizi hicho ndicho kilichozaa ufundi wao wote. Tangu karne ya 17 wapigaji wa Uingereza waliacha kuutafuta wimbo, wakaanza kuitafuta hesabu. Chukua kengele nne, ya 1 ikiwa ndogo yenye sauti nyembamba na ya 4 ikiwa kubwa yenye sauti nzito. Huanza kwa kufuatana, 1234. Kisha kila jozi hubadilishana nafasi, tunapata 2143. Halafu zile mbili za katikati hubadilishana, 2413. Wakiendelea hivyo wanapita 4231, 4321, 3412, 3142 na 1324, hadi kurudi nyumbani kwenye 1234. Ukiifuata ya 1 peke yake utaiona ikitembea hatua kwa hatua kutoka mbele hadi nyuma, ikapumzika pigo moja, kisha ikarudi mbele. Huo ndio wimbo wao, mzee wangu: safari ya kila kengele kati ya wenzake.

Kengele nne zina mipangilio 24 isiyorudiwa, tano zina 120, sita zina 720, saba zina 5,040, nane zina 40,320. Kwa kengele kumi na mbili idadi ni 479,001,600, na kuimaliza kungechukua zaidi ya miaka thelathini bila kupumzika. Kitabu cha kwanza kilichochapwa juu ya ufundi huu kilitoka mwaka 1668, na mwaka 1677 mchapaji Fabian Stedman alitoa chake, akieleza mbinu ambazo baadhi yake zinapigwa hadi leo. Tarehe 2 Mei 1715, katika kanisa la St Peter Mancroft mjini Norwich, wapigaji walitimiza mipangilio yote 5,040 ya kengele saba bila kurudia hata mmoja, kazi ya takriban saa tatu. Na mwaka 1963 katika mnara wa kiwanda cha kusubu kengele cha Loughborough, watu wanane walitimiza ile 40,320 ya kengele nane. Walisimama kwa karibu saa 18 wakivuta, kila mmoja na kamba yake, hakuna aliyempokea mwenzake.

Hayo yote hufanywa bila karatasi mkononi. Kila mmoja anaijua njia ya kengele yake kwa moyo, na kiongozi hutoa neno moja tu la sauti kubwa pale njia zinapopaswa kubadilishwa. Lakini njia uliyoikariri haikuambii ulie saa ngapi hasa. Kwa hilo unahitaji kujua kengele ipi inalia mara tu kabla ya yako, na hiyo hubadilika karibu kila mpangilio. Hapo ndipo sufu za wenzako zinapokuwa na thamani kuliko ya kwako. Jicho lililozoea huona katika duara zima ni kamba ipi imeteremka sasa hivi, na mkono hufuata nyuma yake kwa kitambo kidogo. Kwa miezi mitano ya mwanzo mimi niliona rangi zikipanda na kushuka tu kama nguo kwenye kamba siku ya upepo, na nilikaribia kukata tamaa. Jioni moja ya Alhamisi, bila onyo, utaratibu ukajitokeza mbele yangu: kamba zilikuwa zinafuatana, na nilijua niko nyuma ya nani. Sijapata kufurahi vile kwa jambo lolote nililojifunza ukubwani.

Kuhusu sikio, naomba umrudishie mjukuu simu umwambie akuwekee tena. Safari hii usiitafute tenzi. Sikiliza nafasi iliyo kati ya pigo na pigo, kama unavyowasikiliza wapiga ngoma walioiva. Kundi zuri huacha nafasi zilizo sawa kiasi kwamba kengele sita hulia kana kwamba zimevutwa na mtu mmoja, na kundi bovu utalitambua mara moja, hata bila kujua hesabu yoyote.

SWALI: Tunaishi Reading, na mtoto wangu wa miaka kumi na mmoja amealikwa na rafiki yake wa shule kwenda kujifunza kupiga kengele. Nimesikia kwamba kamba zile zinaweza kumnyanyua mtu hadi darini. Isitoshe sisi ni Wakatoliki na kanisa lenyewe ni la Kianglikana. Nimkubalie?
Mama wa watoto watatu, Reading, Uingereza

JIBU: Mama, uliyoyasikia ni kweli, na ni vizuri kwamba umeuliza kabla. Mtu asiyefundishwa akiishika sufu ya kengele iliyosimama mdomo juu, kisha asiiachie kwa wakati, atanyanyuliwa, na anaweza kuumia vibaya. Ndiyo maana vikundi vingi, baada ya mazoezi, huzikusanya kamba zote kwenye kulabu moja na kuivuta hadi karibu na dari ili asizifikie mgeni yeyote aliyepotea njia akiitafuta sakristia.

Mtoto wako hatapewa kamba na kuachwa. Mwalimu husimama mbele yake, mtu mmoja kwa mwanafunzi mmoja, mikono ya mwalimu ikiwa tayari kwenye kamba ileile. Kwa kawaida mtoto hufundishwa mvuto wa mkia peke yake huku mwalimu akishika sufu, kisha hubadilishana, na ni baada ya kuizoea mivuto yote miwili kila mmoja kwa wakati wake ndipo anapoiunganisha. Somo analorudiwa kuliko yote ni la kuiachia sufu. Juu mnarani, kila kengele ina kipande cha mti kinachoizuia isipitilize inaposimama. Akivuta kwa nguvu kupita kiasi, mti huo huvunjika, na umewekwa uvunjike badala ya fremu yenyewe. Hapo kengele itazunguka bila kizuizi na kuipandisha kamba yote, naye atakuwa amefundishwa kuachia kila kitu na kurudi nyuma. Nimeshuhudia mti ukivunjika mara mbili. Mara zote mbili mwanafunzi aliachia kama alivyofundishwa, hakuna aliyepata hata mchubuko, na wiki iliyofuata tukaweka mti mwingine.

Nenda naye siku ya kwanza, ukae ndani ya chumba uangalie. Mwambie asivae skafu wala nguo zinazoning'inia. Ukiona mwalimu anampa kamba kisha anageuka kuzungumza na wengine, mchukue mwanao urudi naye nyumbani. Lakini sidhani kama utaliona hilo. Habari ya madhehebu isikusumbue, kwa kuwa vikundi vingi havimdai mtu awe Mwanglikana, ingawa mtoto aelewe kwamba kazi yenyewe ni kuwaita watu kwenye ibada na inastahili heshima.

Hukuniambia kama ni wa kiume au wa kike, na haidhuru. Zamani ingedhuru. Ni mwaka 1896 ndipo mwanamke kijana aitwaye Alice White, wa Basingstoke, alipokuwa wa kwanza kushiriki katika upigaji kamili wa mipangilio zaidi ya elfu tano, na mwaka 1912 kundi la wanawake watupu likaufanya huko London. Nguvu za misuli si hoja, maana kengele iliyosimama vizuri hugeuzwa na mtoto kwa mvuto mwepesi.

SWALI: Kigango chetu kinataka kununua kamba yenye sufu ya rangi kwa ajili ya kengele yetu mpya. Inapatikana wapi?
Katibu wa kigango, Songea

JIBU: Ndugu Katibu, nakushauri fedha hizo zifanye kazi nyingine. Kengele yenu, kama zilivyo nyingi za Tanzania, hubembea nusu tu bila kusimama mdomo juu, kwa hiyo kamba hupanda na kushuka kwa urefu mfupi na mkono hauiachii. Sufu haitakuwa na kazi. Mkiwa na kamba ya katani inayochoma viganja, ivisheni kitambaa kigumu pale mnaposhika, mkishone kwa nguvu. Kagueni zaidi sehemu za juu, pale kamba inapopita kwenye tundu au kugusa ubao, kwa sababu kamba nyingi hukatikia pale macho yasipofika.

SWALI: Jumapili ya Kumbukumbu mwezi wa Novemba, wanapokumbukwa waliokufa vitani, nilisikia kengele za kanisa la mtaani kwetu zikilia kwa namna ya ajabu: mara moja kwa nguvu, mara ya pili kama mwangwi kutoka mbali, hivyohivyo hadi mwisho. Walifanyaje? Pia ningependa kujua kama upigaji huu upo barani Afrika.
Msomaji, Coventry, Uingereza

JIBU: Nianze na Afrika. Minara ya namna hii ni zaidi ya 5,000 huko England, lakini nje ya visiwa vya Uingereza ni michache. Huko Afrika Kusini, minara hiyo iko Cape Town, Durban na Makhanda, mji uliokuwa ukiitwa Grahamstown, ambao kanisa lake kuu lilipata kengele zake mwaka 1879. Nchini Zimbabwe, uko mmoja katika Kanisa Kuu la Anglikana mjini Harare. Kwetu pwani kengele zilikuja na wamisionari kwa kazi nyingine. Msomaji wetu wa Kisauni anajua kwamba Kengeleni pameitwa hivyo kwa ajili ya kengele ya Frere Town, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa mwaka 1875, na husimuliwa kwamba iliwekwa ili kuwatahadharisha wakazi pindi wafanyabiashara ya watumwa walipokaribia.

Waingereza nao waliwahi kuzifanya kengele zao zote kuwa za Kengeleni. Mwezi Juni 1940, walipohofia kuvamiwa na Wajerumani, serikali iliamuru kengele za makanisa zinyamaze nchi nzima, zisilie ila kutangaza kwamba adui ametua. Zilikaa kimya hadi tarehe 15 Novemba 1942, ziliporuhusiwa kulia kwa siku moja kushangilia ushindi wao wa vita vya El Alamein huko Misri, na mwaka 1943 marufuku ikaondolewa. Vita vya kwanza ndivyo vilivyowaumiza zaidi wapigaji wenyewe, kwani wapatao 1,400 kati yao walikufa kati ya 1914 na 1918. Miaka mia moja baada ya vita hivyo kwisha, mwaka 2018, wapigaji walitafuta wanafunzi wapya 1,400, mmoja kwa kila aliyepotea.

Sauti uliyoisikia hupatikana kwa kipande cha ngozi. Siku moja kabla, mtu hupanda juu kengele zikiwa zimetulia mdomo chini, akafunga kifuko cha ngozi nene kwenye ulimi wa kila kengele, upande mmoja tu. Kwa kuwa ulimi hugonga upande huu kwa mvuto wa sufu na upande wa pili kwa mvuto wa mkia, kengele hulia wazi mara moja, kisha mara inayofuata hulia kwa ngozi. Mimi mwenyewe niliwahi kutumwa kuvifunga, mikono yangu ikiwa imekufa ganzi kwa baridi ya Novemba, na ilinibidi nifungue mikanda mara tatu kwa sababu kifuko kilichokaa upande upatao mvuto wa sufu kingeugeuza utaratibu wote: mvuto wa sufu ndio unaopaswa kulia wazi, na mwangwi uje kwa mkia. Chini chumbani hakuna kilichobadilika kwa macho. Sufu zilipanda na kushuka kwa kasi ileile na rangi zilezile, nasi tulipiga tukitazamana kwa saa nzima, na nilipoidaka yangu kwa mara ya mwisho na kuisimamisha kengele, watu waliokuwa nje kwenye makaburi walikuwa bado hawajavaa kofia zao.